UZI: Timu zikichanganywa upya, ni muungano gani unaokufa? (Naanzia Shaba, 2001)

#1 Mtazamaji_Umoja

Wadau, hamjambo. Jambo hili nimekaa nalo muda mrefu, na leo nalitua hapa kwa kuwa najua humu mna watu wanaofuatilia Survivor na mashindano mengine ya runinga kwa makini kama mimi.

Utaratibu mnaujua. Watu wanagawanywa kambi mbili, wanaishi porini, na kambi inayoshindwa inaketi usiku kumpigia mmoja wao kura aende nyumbani. Ndani ya kila kambi watu wanne au watano wanakubaliana kimya kimya: sisi tulindane, hao wengine watangulie. Huo ndio muungano. Halafu siku moja, kila mtu akiwa ameshazoea mahali pake pa kulala, mtangazaji anawaambia wavue vitambaa vyao vya rangi ya kambi. Timu zinachanganywa upya.

Wengi husema mchanganyo unawaumiza wachache na kuwafaa walio wengi. Nimetazama misimu mingi ya Survivor na naona kinyume. Anayeumia kwanza ni kiongozi wa walio wengi, na anayepona ni yule ambaye zamu yake ya kutolewa ilikuwa imefika. Muungano uliojengwa juu ya kulala boma moja huvunjika asubuhi ileile. Unaobaki ni ule wa mtu na mtu.

Ushahidi wangu wa kwanza uko hapa kwetu. Survivor ya Marekani ilipotumia mbinu hii kwa mara ya kwanza kabisa, ilikuwa ndani ya Kenya: msimu wa tatu, uliorekodiwa mwaka 2001 katika hifadhi ya Shaba, Isiolo. Ukitoka Isiolo mjini ukishika barabara ya Marsabit, ukikaribia Archer's Post, Shaba iko mkono wako wa kulia. Washindani 16, siku 39, dola milioni moja. Walilala ndani ya boma la miiba, wakikesha na moto kwa sababu ya simba.

Kwa nini mbinu ilizaliwa pale? Angalieni msimu wa kwanza, mwaka 2000 kule Borneo. Kambi mbili, Tagi na Pagong, ziliunganishwa kuwa kambi moja zikiwa watano kwa watano. Watu wanne wa Tagi walikuwa na muungano, Pagong hawakuwa nao. Kura ya kwanza baada ya kuungana, wale wanne waliandika jina moja, Gretchen, na kura nyingine zote zikatawanyika, kila moja na jina lake. Akatoka kwa kura nne tu. Kuanzia hapo Pagong walichumwa mmoja mmoja mpaka wakaisha, na Richard Hatch wa Tagi akachukua ushindi kwa kura 4 dhidi ya 3, kura za mwisho zikipigwa na waliokwisha kutolewa. Mtazamaji akishajua nani ana watu wengi siku ya kuungana, hana tena cha kungojea. Naamini waandaaji waliona hilo, ndiyo maana Shaba karata zikachanganywa.

Kambi za Shaba ziliitwa Boran na Samburu. Ndani ya Samburu kulikuwa na nyufa: vijana wanne upande mmoja wakiongozwa na Silas Gaither, wakubwa kiumri upande wa pili. Vijana walianza kushinda kura, Carl akatoka, Linda akatoka. Waliobaki katika wakubwa ni Frank na Teresa tu. Silas alikuwa amekaa vizuri kuliko mtu yeyote porini mle.

Ndipo kila kambi ikatoa watu watatu kuvuka. Samburu ikamtoa Silas, na pamoja naye Frank na Teresa. Fikirini hapo kidogo. Anavuka kwenda kwa wageni akiwa na mashahidi wawili wa kila alichowatendea. Boran hawakuhitaji kumpeleleza. Waliachia shindano kwa makusudi ili wapate nafasi ya kupiga kura, na kura ikamwangukia yeye. Alitoka wa tano, akashika nafasi ya 12. Teresa, aliyekuwa akingoja zamu yake kwenye kambi ya zamani, alifika nafasi ya tano.

Sasa tazameni upande wa pili. Boran nayo iliwatoa watatu: Lex, Tom na Kelly. Wakaenda kulala Samburu, wakamwacha Ethan na Kim Johnson nyuma. Kambi zilipokuja kuunganishwa, Lex, Tom, Ethan na Kim walikuwa wako vilevile, na hao wanne ndio waliofika mwisho kabisa. Ethan Zohn akamshinda Kim kwa kura 5 kwa 2. Mchanganyo mmoja, siku moja, idadi ileile ya watu waliovuka. Muungano mmoja ulikufa usiku wa kwanza, mwingine haukupata hata mkwaruzo. Nini kilichotofautisha? Hapo ndipo nataka tuongee.

#2 Mwenyeji_Isiolo

Ndugu yangu Umoja, umenigusa. Mimi ni wa Isiolo, niko Nairobi kwa kazi, naishi South C. Kwanza niseme jambo moja kuhusu majina. Kwetu Boran na Samburu ni watu, ni majirani wanaotumia mto mmoja, Ewaso Ng'iro. Kuyaona majina hayo yameandikwa kwenye vitambaa vya mchezo, kwangu haikuwa kitu kidogo. Angalau kambi ya pamoja waliipa jina la Kiswahili, Moto Maji.

Swali lako nalijibu kwa mambo ya kwetu. Kiangazi kikibana, mifugo haikai yote nyumbani. Ng'ombe wa maziwa wachache hubaki na familia, na vijana huondoka na kundi kubwa kwenda mbali, tunaita fora. Huko fora unajikuta na watu ambao hukuwachagua. Ukoo wako uko mbali. Wa kukusaidia kunywesha ng'ombe kisimani ni yule aliye karibu, na hakuulizi wewe ni mtoto wa nani mpaka kwanza aone kama unavuta ndoo au umekaa kivulini. Baba yangu alikuwa akisema kijana aliyezoea kuamrisha nyumbani hupata taabu fora. Huyo Silas nimemwelewa bila hata kumtazama tena.

#3 Karata_Tatu

Mkuu Umoja, uzi mzuri, lakini naona umechukua mfano mmoja ukaufanya sheria. Mimi nafundisha hesabu sekondari huku Embakasi, nikakaa na kalamu.

Chukua kambi mbili za watu 6. Ndani ya moja kuna muungano wa watu 4. Wote 12 wanachanganywa kwa bahati nasibu, wanagawanywa tena 6 kwa 6. Njia zote za kuwagawanya ni 924. Zile zinazowaacha wote wanne pamoja ni 56 tu, kama 6 katika kila 100. Zinazowagawa wawili kwa wawili ni 420, yaani 45 katika 100. Zinazomtenga mmoja wao peke yake ni 448, yaani 48 katika 100.

Kwa hiyo kwanza nakubali: muungano wa wanne ni kama umeshavunjika kabla kitambaa hakijachomolewa. Lakini kiongozi hana balaa la pekee. Uwezekano wa mtu fulani, awe kiongozi awe mfuasi, kutengwa na wenzake wote watatu ni 12 katika 100. Ni uleule kwa wote wanne. Bahati haijui cheo. Silas alipata siku mbaya, basi.

#4 Mtazamaji_Umoja

Mwalimu, asante kwa hesabu, nimeinakili kwenye daftari. Nakubaliana na kila tarakimu. Bahati haijui cheo, ni kweli kabisa. Lakini wale waliokupokea wanakijua.

Tofauti inaanza baada ya kuvuka. Chukua hizo 12 katika 100. Mfuasi akitengwa na kuingia kambi ya wageni, wageni wanamwona mtu mmoja zaidi wa kuwasaidia. Anaweza kuwapa habari, anaweza kuwapa kura. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Kiongozi akiingia wanaona hatari, kwa sababu wanajua siku kambi zitakapoungana atarudi kwa watu wake na wao watakuwa chakula. Kumwacha ni kumlisha adui. Kumtoa leo, akiwa peke yake, ni rahisi kuliko siku nyingine yoyote.

Na ushahidi wa Shaba hauishii kwa Silas. Baada ya Moto Maji kuundwa, Samburu wa zamani walikuwa bado wanne: Frank, Teresa, Brandon, na Kim Powers. Wakati huo Lex alikuwa amepata kura asiyoitarajia, akaamini ni Kelly aliyeipiga, kumbe ni Teresa. Kelly alipoona Lex anamwandama, akawaendea Samburu: tuungane tumtoe. Kwa hesabu yako mwalimu, njia ilikuwepo. Lakini Brandon alikuwa mtu wa Silas, kijana wa upande wa vijana. Kupiga kura pamoja na Frank hakuweza. Kura yake akawapa Boran, Kelly akatoka, na kura iliyofuata Boran wakamtoa Brandon mwenyewe.

Mnaona? Mchanganyo haukuleta ufa kwa Samburu. Ufa ulikuwepo tangu wiki ya kwanza, Silas ndiye aliyeuchimba. Aliondoka yeye, ufa ukabaki na kazi yake.

#5 Binti_Donholm

Shikamooni wakubwa, wengine hamjambo. Mimi sitazami sana Survivor, lakini jambo hili nimeliona kwa macho yangu na naomba nilieleze polepole.

Agosti iliyopita nilikuwa mmoja wa walezi wa kambi ya vijana wa kanisa, siku nne, kule upande wa Ngong. Vijana 24. Tuliwagawa makundi mawili, wakapika wenyewe, wakashindana michezo, na kila jioni kundi lililoshindwa lilichagua mmoja wa kukaa nje ya michezo ya kesho yake. Sisi walezi tulikuwa hatujaiga kipindi chochote, tulitaka tu wajifunze kuamua pamoja.

Kundi moja lilikuwa na kijana hodari sana. Sauti nzuri, mbio anazo, anajua kufunga kamba. Siku ya kwanza alishapanga nani anafanya nini, na kwa kweli walishinda karibu kila kitu. Kulikuwa na msichana mmoja kidato cha pili, mpole, yeye alipangiwa sufuria. Kila mlo ukiisha yeye ndiye anaonekana kwenye mfereji na majivu na maji, anasugua. Hakulalamika. Nilimuuliza mara moja kama angependa kubadilishwa, akasema ni sawa tu, mwalimu.

Asubuhi ya tatu tuliamua kuwachanganya. Tulikata leso mbili vipande, nyekundu na ya buluu, tukavitia kwenye ndoo iliyofunikwa, kila mmoja akachomoa. Yule kijana akaangukia kundi la pili, na waliotoka naye huko walikuwa wachache, mmoja wao huyo msichana.

Mchana huo kulikuwa na shindano la kupitisha magogo kwenye kamba, ambalo kundi lake la zamani lilikuwa limelishinda siku iliyotangulia. Kundi jipya wakauliza: nyie mlifanyaje jana? Kijana akaanza kueleza kwa maneno mengi, anapanga watu. Nikaona nyuso zinavyofunga. Watu hawa walishindwa naye jana, leo anawaamrisha kwao. Halafu msichana akachuchumaa, akachukua vijiti vitatu, akaonyesha chini kwenye vumbi: gogo hili kwanza, hili likae hapa, mrefu asimame huku. Alikuwa ameyaona yote kutoka kwenye mfereji, akisugua sufuria. Walishinda.

Walishindwa mchezo wa mwisho wa siku, kwa hiyo jioni ikabidi wachague wa kukaa nje. Walimchagua kijana, karibu wote. Nilimwona akiinuka na kikombe cha chai kwenda upande wa wenzake wa zamani, na wale, bila ubaya wowote, walinyamaza alipofika, kwa kuwa walikuwa wanapanga mambo ya kesho na yeye sasa alikuwa rangi nyingine. Akarudi. Msichana ndiye alikuwa ameshika mwiko, anagawa githeri. Akamjazia sahani. Kijana akamuuliza, "Kumbe ulikuwa unayajua yote hayo?" Akajibu, "Hamkuniuliza."

Siku ya nne tuliwaacha hivyohivyo. Huyo kijana ni mzuri, amekuja kuwa msaidizi wangu mwaka huu, na kitu cha kwanza anachofanya sasa ni kuzunguka kuuliza watu majina.

#6 Mtazamaji_Umoja

Dada Donholm, Mungu akubariki. Hapo kwenye vijiti vitatu nimesimama. Huyo msichana ndiye Teresa, na ndiye Denise Stapley pia.

Kwa wasiomjua Denise: Survivor ya Ufilipino, 2012. Kambi tatu za watu sita sita, na yake, Matsing, ilishindwa mashindano yote manne ya kwanza ya kinga (anayeshinda hatolewi usiku huo) mpaka wakabaki wawili, yeye na Malcolm. Kambi ikavunjwa, mmoja akapelekwa huku, mwingine kule. Denise alihudhuria kila baraza la kura la msimu ule, hakukosa hata moja, na akashinda. Alipoingia kwa wageni hakuwa na mtu nyuma yake wa kumwogopa. Hakuwa na jeshi la kurudia.

#7 Karata_Tatu

Haya, hapo nimesogea kidogo. Lakini niwape mfano wa upande wangu, mkuu usiukimbie: Cook Islands, 2006. Watu 20, kambi nne, wakaja kuwa mbili. Walipofika 12, sita kwa sita, mtangazaji akawapa nafasi ya kuhama kambi kwa hiari, sekunde 10 tu za kuamua. Candice na Jonathan wakatoka Aitutaki wakaenda Rarotonga. Wakabaki wanne dhidi ya wanane. Hapa hakuna bahati nasibu, ni watu wamechagua wenyewe walio wengi. Hii ni hesabu tupu, na hesabu ilisema wale wanne wamekwisha.

#8 Mtazamaji_Umoja

Na hawakwisha, mwalimu! Yul, Ozzy, Becky na Sundra. Walishinda mashindano yaliyofuata, wakawapunguza wale wanane, wakafika siku ya kuungana wakiwa wanne kwa watano. Yul alikuwa na sanamu ya kinga iliyofichwa, akamwendea Jonathan, yuleyule aliyewakimbia, akamwonyesha kwamba njia yake nzuri ni kurudi. Jonathan akarudi. Mwisho Yul akamshinda Ozzy kwa kura 5 kwa 4.

Nauchukua mfano wako kwa mikono miwili, kwa sababu unaonyesha kitu ambacho mimi sikukisema vizuri kwenye post ya kwanza. Wale wawili walipohama kwa hiari, walifanya kazi ambayo hakuna kiapo kingeweza kuifanya: waliwaonyesha wanne waliobaki nani ni nani. Kabla ya hapo Aitutaki walikuwa sita waliodhani wako pamoja. Baada ya sekunde 10 wakawa wanne waliojua. Na kule Rarotonga wanane walikuwa wengi kwa kuhesabu, lakini ndani yao kulikuwa na wageni wawili ambao kila mwenyeji alishaona jinsi wanavyohama.

Sisi Wakenya hili hatuhitaji kufundishwa. Tumeona vyama vinavyoungana kabla ya uchaguzi na kutengana kabla ya bajeti. Tuliuona muungano wa vyama wa NARC ukiingia kwa kishindo 2002, tukaona na yaliyofuata. Tumeona handisheki ya Uhuru na Raila ya Machi 2018 ikiwaacha waliokuwa ndani nje na waliokuwa nje ndani kwa siku moja. Sitaki uzi ugeuke wa siasa, tafadhali tusiende huko. Nasema tu macho yetu yamezoea.

#9 Mama_wa_Rimoti

Naomba kuuliza. Mimi nilikuwa mfuasi wa Big Brother Africa, si hizi za porini. 2011 walikuwa na nyumba mbili, Heads na Tails, na 2012 Upville na Downville, mwaka ule Prezzo wetu, yule rapa, alifika nafasi ya pili nyuma ya Keagan wa Afrika Kusini. Watu walihamishwahamishwa, wakaja kuwekwa pamoja. Mbona kule sikumbuki kiongozi kuumia namna hiyo?

#10 Mtazamaji_Umoja

Mama, swali zuri sana. Kule washindani walitaja tu majina ya watu waliotaka watoke, kisha watazamaji ndio walioamua nani aende. Muungano ndani ya nyumba uliweza kukukinga usitajwe, lakini haukuweza kukukinga na nchi nzima. Kwa hiyo mtu aliyehamishwa nyumba alipoteza marafiki, hakupoteza wapiga kura wake, maana hao walikuwa sebuleni kwao Lusaka na Nairobi. Prezzo angehamishiwa nyumba yoyote, mashabiki wake walikuwa hapa hapa. Ndiyo maana kiongozi kule aliweza kupita katikati ya mchanganyo bila kuguswa.

The Apprentice ya Marekani, ile ya kushindania ajira, ilikuwa hivyohivyo kwa njia yake. Msimu wa kwanza, 2004, wanawake nane dhidi ya wanaume nane, wanawake wakashinda kazi nne za mwanzo, timu zikachanganywa. Lakini aliyefukuza pale alikuwa mtu mmoja aliyekaa mezani, kwa hiyo cha kuogopa kilikuwa meneja wa kazi kukutaja, basi. Mchanganyo unauma kweli pale tu ambapo unayelala naye ndiye anayeshika karatasi ya kura.

#11 Mwenyeji_Isiolo

Umoja, ulisema muungano wa mtu na mtu ndio unaobaki. Una uhakika? Maana huyo Lex wa Boran, nimesikia alirudi kucheza tena.

#12 Mtazamaji_Umoja

Nilikuwa naogopa mtu aulize hilo, kwa sababu linaniuma mpaka leo. Alirudi. Msimu wa nyota wa misimu iliyopita, uliorekodiwa Panama, ukaonyeshwa 2004. Lex aliyevuka Shaba kwenda kulala Samburu na kurudi salama.

Huko walichanganywa kwa bahati nasibu, na bahati ikafanya jambo la ajabu: kambi ya Chapera na ya Mogo Mogo zikawa karibu zimebadilishana tu vitambaa, watu walewale wakabaki pamoja, isipokuwa mmoja. Amber, mtu wa Chapera, akajikuta peke yake katikati ya watu wa Lex. Mwalimu, huko ndiko kutengwa peke yako ulikokupigia hesabu. Na Amber alikuwa mpenzi wa Rob Mariano upande wa pili. Watu wa Lex wakashindwa shindano, kila mtu akijua Amber ndiye anayetoka.

Rob akamwendea Lex akamwomba amtunze, naye Rob atamtunza yeye. Walikuwa marafiki nje ya mchezo. Lex akakubali. Akawageuza watu wake, wakamtoa Jerri, mwenzao wa kambi ileile, Amber akabaki. Kambi zikaunganishwa. Kura ya kwanza kabisa, Rob akamtoa Lex.

Nimeirudia mara nyingi kutafuta alipokosea. Kwangu ni hapa. Shaba, Lex aliwategemea Ethan, Tom na Kim, na wao wakimtegemea yeye, wote wanne wakihitajiana ili wafike. Panama alimpa Rob kitu ambacho Rob alikihitaji siku moja tu. Siku ilipopita, Lex alikuwa tena kiongozi wa kambi nyingine, mtu wa kuogopwa. Na ili kuitimiza ahadi hiyo alikuwa ameshawafundisha watu wake kwamba yeye huweza kumtoa wa nyumbani kwa ajili ya mtu wa nje. Alifika siku ya kuungana akiwa hana nyuma wala mbele. Amber ndiye aliyeshinda mwisho, kura 4 kwa 3, dhidi ya Rob mwenyewe.

Kwa hiyo Mwenyeji, nairekebisha kauli yangu. Muungano wa mtu na mtu hubaki ikiwa kesho pia mnahitajiana. Urafiki mtupu hautoshi, na naandika hivyo nikiwa sipendi kuandika.

#13 Binti_Donholm

Hapo kwa Jerri nimehuzunika kuliko kwa Lex. Yeye hakuombwa hata maoni.

#14 Karata_Tatu

Nimekubali, mkuu. Hesabu inasema nani atakuwa wapi, haisemi wataonanaje. Nitawapa wanafunzi wangu hizo 924, wakimaliza niwaulize swali lako.

La mwisho kabla sijaenda kusahihisha: je, kuna aliyewahi kuumia kwa mchanganyo ambao haukutokea?

#15 Mtazamaji_Umoja

Yuko. Thailand, 2002. Kambi ya Sook Jai na ya Chuay Gahn, watano kwa watano, idadi ileile ambayo Borneo waliunganishwa nayo. Wakaletwa kuishi ufuo mmoja, wakala pamoja. Shii Ann wa Sook Jai alikuwa hapatani na wenzake, zamu yake ilikuwa inakaribia, na aliona mlango umefunguka. Akaenda kwa Chuay Gahn akaanza kujipanga nao, na watu wake wakiona.

Kisha wakaitwa kwenye shindano la kinga, na mtangazaji akawaeleza kwamba bado ni kambi mbili. Sook Jai wakashindwa. Usiku ule wakamtoa.

Nimetazama tena jana kuhakikisha. Hakuna aliyetamka kwamba wameunganishwa. Walipewa ufuo mmoja tu.